Mtani Hapatani Bei

Watu wakisikia kwamba niliwahi kuimba bendi, swali lao la kwanza ni lile lile: "Walikuwa wakikulipa ngapi?" Hakuna anayeuliza niliimba nini. Nami huanza kwa kucheka, maana jibu lenyewe ni refu kuliko pesa zenyewe.

Tulikuwa bendi ya Kongowe, hii yetu ya Kibaha, si ile ya Dar es Salaam. Mchana nilikuwa kiwandani nachambua korosho pamoja na wanawake wenzangu. Jumamosi na sikukuu nilikuwa naimba. Shule niliishia darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea. Lakini kichwani nilikuwa nimeshafika mbali. Nilikuwa najisikia kwenye redio hata redio ikiwa imezimwa. Nilikuwa najiona nimevaa viatu vya kisigino kirefu, na mguuni wakati huo nina ndala zilizofungwa kwa waya. Mama alikuwa akinikuta nimesimama jikoni na mwiko mkononi, natabasamu peke yangu, ananiambia, "Ugali unaungua, mwimbaji."

Sasa, malipo. Vyombo havikuwa vyetu. Magitaa matatu, ngoma za drams, tumba, vipaza sauti, vyote vilikuwa mali ya mtu mmoja mwenye baa kando ya barabara ya Morogoro. Alivinunua kwa bendi moja ya mjini iliyokufa. Zikishapatikana pesa za mlangoni, kitu cha kwanza ni kuzikata katikati: nusu ya vyombo. Ndivyo tulivyosema, nusu ya vyombo, kana kwamba gitaa lina tumbo na watoto. Katika nusu iliyobaki yanatoka mafuta ya jenereta, inatoka nauli, zinatoka nyaya zilizokatika. Kinachosalia ndicho kinachogawanywa mafungu. Kiongozi fungu moja na nusu, wapigaji fungu moja moja, mimi nusu fungu, kwa sababu, alisema mwenye vyombo, mwanamke ana baba wa kumlisha.

Nikamwambia baba yangu ameshakufa.

"Basi utaolewa," akasema, akaendelea kuhesabu.

Fungu zima, siku watu wamejaa, lilikuwa bei ya bia mbili. Langu lilikuwa bei ya bia moja, na bia sinywi. Nilikuwa napeleka nyumbani, Mama ananunulia mafuta ya taa, na mimi sikuona kwamba nimeonewa. Niliona nimeanza. Kila mtu mkubwa alianzia mahali, ndivyo nilivyojiambia.

Kiongozi wetu alikuwa mpiga solo. Mnyamwezi, alitoka kwao kijana mdogo kabisa kuja kukata mkonge huku pwani, na gitaa alijifunzia kambini kwenye mashamba ya mkonge. Miaka ile nyaya za gitaa hazikuwepo madukani, kama vile sabuni na sukari. Alikuwa anachukua waya wa breki ya baiskeli, anaufumua, anatoa uzi mmoja mmoja, anaunyoosha kwa chupa, anaufunga. Vidole vyake vilikuwa na makovu kama vyangu. Yangu ya mafuta ya ganda la korosho, yake ya breki za baiskeli. Tulikuwa tunavilinganisha na kucheka.

Sisi ni Wazaramo, na Wanyamwezi ni watani zetu. Kwa hiyo kila Jumapili alipokuja nyumbani kulikuwa na vita. Anaanzia njiani:

"Hodi! Watumwa wangu wapo?"

Mama haondoki hata jikoni. "Nani huyo? Mbeba mizigo? Mlango wa wabeba mizigo uko nyuma, pita huko na kichwa chako kilichopinda kwa pembe za ndovu."

"Nimekuja kuwakagua. Nimesikia mmelala mnasubiri nazi ianguke."

"Ikianguka ikupige wewe, tupumzike."

Halafu anaingia, anakaa juu ya kinu, anampa Mama pesa zake. Maana hakuwa na mke huku, chumba chake hakikuwa na komeo la maana, akaona pa kuwekea ni kwa mtani. Mama anazifunga kwenye pindo la kanga kuukuu, anaitumbukiza sandukuni chini kabisa. Siku nyingine zilikuwa sarafu tupu.

Alikuwa anaweka kwa ajili ya safari. Alituambia Jumapili moja, bila utani wowote, kwamba amepata habari kutoka kwao. Mama yake macho yanaziba. Jicho moja limekwisha, la pili linaona mtu kama mti ulioko mbali.

"Si uende," Mama akamwambia.

"Niende na nini?"

"Na miguu. Panda treni uende ukamwone mama yako."

"Kumwona nitamwona tu, mtani. Mimi nataka yeye anione."

Mama akaacha kupepeta.

Akasema, "Siku niliyoondoka nilikuwa na kaptula ya kuazima, imechanika hapa nyuma. Alisimama njiani ananitazama mpaka nikapotea. Miaka yote hii picha yangu aliyonayo ni ile. Sasa macho yakifunga, ndiyo itakayobaki. Nataka niende nimependeza, nina mkoba, nina kanga za kumpa, anione mara moja tu, halafu yafunge."

Mimi machozi yangu yako karibu siku zote, nikajitia kwenda kuchukua maji.

Kuanzia hapo safari ile ilikuwa kama yangu. Nilimwambia Kiongozi asijali, kazi kubwa zinakuja, nasikia harufu yake. Nilikuwa nampangia mpaka rangi ya shati. Tulihesabu na Mama: kilichokuwa pindoni kilikuwa kama nusu ya safari. Kazi moja kubwa ya harusi, yenye malipo ya mkono mmoja na si ya mlangoni, ingemfikisha.

Na kazi ikaja kweli! Siku moja alasiri tuko uani mwa baa tunafanya mazoezi, akaingia mzee mmoja mwenye koti na kofia ya kiua, fimbo mkononi. Alitoka kijiji kimoja mbele ya Kisarawe, njia ya Maneromango. Mkulima wa korosho, mashamba yake makubwa. Anaoza binti yake wa mwisho, anataka bendi, si ngoma peke yake.

"Shikamoo, mzee," tukamsalimu wote.

"Marahaba. Kiongozi wenu nani?" Akaonyeshwa. "Kabila gani wewe?"

"Mnyamwezi."

Yule mzee akarudi nyuma hatua, akaishika fimbo kwa mikono miwili. "Lahaula! Nimetoka Kisarawe kuja kukodi muziki, kumbe nimekuja kukodi mtumwa wangu mwenyewe?"

"Mtumwa wako? Babu yako alikuwa anamtekea maji babu yangu," Kiongozi akajibu, uso umechanua kama taa. "Tena maji yenyewe alikuwa anayamwaga njiani, anacheza mdundiko."

Uani watu wakaangua kicheko. Mzee akaletewa kiti, akaletewa soda, na utani ukapigwa pale mpaka mazoezi yakasahaulika. Mpiga drams wetu ndiye aliyekuwa na mdomo mwepesi, akaingilia:

"Sasa mzee, tuzungumze bei."

Kiongozi akamkanyaga mguu. Nilimwona. "Mtani hapatani bei," akasema.

"Umesikia, kijana?" mzee akamwambia mpiga drams. "Huyu nitamlipa mpaka akimbie mwenyewe."

Basi ikawa imekwisha hivyo. Hakuna kiasi kilichotajwa, hakuna kilichotangulizwa. Mwenye vyombo aliposikia alikunja uso. Akasema yeye hana mtani Kisarawe. Vyombo vyake vina bei yake, na lori na dizeli vina bei yake, na bei hiyo anamdai Kiongozi, si mzee. Kiongozi akakubali. Mimi nilikuwa nacheka tu kwa furaha. Niliona shati, niliona mkoba, niliona treni.

Tulikwenda Jumamosi, tukapitia Dar, tukapanda vilima vya Pugu mpaka Kisarawe, halafu vumbi. Jamani, kama kuna siku niliimba, ni ile. Ndoa ilifungwa baada ya adhuhuri, tukafunga vyombo kwenye kiwanja cha shule, kijiji chote kikaja. Wazee walicheza. Mama mmoja alinibandika noti usoni kwa jasho langu mwenyewe, na wengine wakafuata, wananitunza, wanawatunza wapigaji. Kiongozi wamemchomekea noti kwenye ukosi wa shati, kwenye mfuko, mpaka kwenye kichwa cha gitaa. Mikono yake imeshughulika na solo, hawezi kuzigusa.

Ndipo akatokea mwenye harusi. Akamkaribia kwa kunyata kama paka, akazichomoa moja moja, zake na zetu, anazionyesha kwa watu, anazitia ndani ya kofia yake. "Mali ya mtumwa ni ya bwana!" Kiwanja kizima kikalipuka. Kiongozi anacheka mpaka machozi, vidole vinaendelea. Nami nilicheka. Mpiga drams peke yake hakucheka.

Jumapili asubuhi tulikunja vyombo mapema. Miaka ile magari yalikuwa hayaruhusiwi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, kuokoa mafuta, na dereva wa lori alikuwa na haraka. Lakini mzee alisema wageni wake hawaondoki na njaa. Tukangoja wali. Saa nne, wali haujaiva. Saa sita, mbuzi ndiyo kwanza anachunwa. Wali ulipokuja, ulikuwa wali kweli, sinia kwa sinia, na saa nane imeshapita. Dereva akatupa funguo mchangani. Tukalala tena. Mzee akatuachia nyumba yake nzima, yeye na wake zake wakaenda kulala kwa ndugu yake. Tukasema, tazama heshima hiyo.

Jumatatu asubuhi akaja kutuaga. Tumekaa barazani kama watoto wanaongoja mapumziko. Kiongozi kafunga kamba za drams, kafungua, kafunga tena. Alikuwa anangoja apewe. Mzee anamtazama, anazungusha fimbo, naye kama anangoja kitu. Wakaulizana hali. Wakatukanana kidogo. Mwisho mzee akatupakilia gunia la mihogo na kikapu cha korosho, akampa Kiongozi mkono.

"Haya mtani. Umeshindwa hata kukimbia?"

"Nitakimbilia wapi na miguu niliyopewa na Mungu? Asante, mtani."

Lori likaondoka. Tukafika Pugu. Pale mpiga drams akasema, "Mihogo. Nimepiga ngoma mpaka kiganja kimepasuka, nimelipwa mihogo." Kiongozi alikuwa amekaa juu ya spika, ameshika magoti. Akasema polepole, "Mtu amenilisha siku mbili, amenipa kitanda chake. Nimwambie nini, lete pesa?"

Kiwandani nilikatwa siku yangu. Hilo dogo. Jioni ile ile mwenye vyombo alikuja nyumbani kwetu na Kiongozi yuko nyuma yake, maana alishajua pesa ziko wapi. Alitaka ya vyombo, ya lori, ya dizeli. Hakupiga kelele, alisimama tu mlangoni. Mama akaingia ndani, akatoka na ile kanga, akakaa kitako, akawa analifungua pindo kwa meno kwa sababu lilikuwa limekazwa. Akampa Kiongozi mkononi. Kiongozi akampa mwenye vyombo. Kilichorudi ndani ya kanga hakikufika hata nauli ya kwenda Morogoro.

Mwenye vyombo alipoondoka ndipo Mama akauliza, "Kwa mtani mlichukua nini?"

"Mihogo," nikasema. "Na korosho."

"Hiyo mlipewa. Nauliza mlichukua nini?"

Tukamtazama.

"Mmekaa siku mbili nyumbani kwa mtani, mwenye nyumba kahama kawaachia, mkatoka hivi hivi?" Mama alipiga makofi ya kushangaa. "Mbona hamkubeba kitanda? Mbona hamkukamata mbuzi? Mtani humwombi, mtani unamnyang'anya! Yeye kanyang'anya tuzo zenu mbele ya watu, kawafungulia mlango, na nyie mnasema asante?"

Kiongozi alikaa juu ya kinu. Sijawahi kumwona mtu mzima amekaa vile. "Kwetu nilitoka mtoto, mtani. Huo utani wa mdomo niliusikia kwa wakubwa nikaushika. Huo mwingine nilikuwa sijaufikia."

Mimi mwenyewe, Mzaramo wa kuzaliwa, nilikuwa naujua utani wa msibani tu, ule wa kuchekesha wafiwa. Hilo la kubeba kitanda cha mwenye harusi sikulijua. Sisi watoto wa kando ya barabara kuu tumejua utani kama tunavyojua nyimbo, kiitikio tu.

"Rudi kesho," Mama akamwambia. "Rudi ukachukue, bado mapema."

"Nikirudi sasa nitakuwa mdai, sitakuwa mtani."

Akaanza upya. Wiki moja sarafu, wiki nyingine hakuna. Baa ikakosa bia, na baa isiyo na bia haina dansi. Nilimletea mara mbili nusu fungu langu nikasema limezidi, akalirudisha mfukoni mwangu. "Mdogo wangu, wewe nunua viatu," akasema. Nikamwambia bado kuna kazi ya sikukuu, kuna watu wa Visiga wameuliza, kuna hiki, kuna kile. Nilikuwa nasema kwa bidii, nikidhani maneno mazuri yanaweza kumsogezea mtu siku.

Habari ilikuja kwa mtu wa kwao aliyekuwa akifanya kazi kwenye reli. Alishuka kwenye basi pale Kongowe mchana wa jua kali, akauliza kwa mpiga gitaa, akaletwa kwetu. Kiongozi alikuwa yuko uani anaufumua waya wa breki. Yule mtu alimwamkia kwa lugha yao, akakaa, akasema maneno machache. Kiongozi akaendelea kufumua ule waya mpaka ukaisha. Kisha akautia mfukoni, akasema kwa Kiswahili ili tusikie na sisi:

"Mama amezikwa. Wiki iliyopita."

Mama yangu ndiye aliyelia kwa sauti.

Hakuwa na ndugu huku, kwa hiyo msiba ukawa wa kwetu. Balozi wa nyumba kumi akapita kutangaza, mikeka ikatandikwa uani, wanawake wa kiwandani wakaja na kuni na unga. Na rambirambi. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo hadi leo linanichoma. Watu waliokuwa wakichungulia dansi letu kupitia matundu ya ua wa makuti ili wasilipe mlangoni, walikuja kila mmoja na chake. Mabwana waliokuwa wakibishana nami kwa ajili ya kiingilio, wakaja wameinama, wanaweka noti. Waliotoka mbali, Tangini huko, walikuja kwa miguu. Mwenye vyombo mwenyewe alikuja, akaweka noti kubwa, akakaa mkekani mpaka jioni. Rambirambi haina nusu ya vyombo. Sinia lilijaa, Mama akalimimina kwenye kanga, likajaa tena. Kwa siku tatu za msiba Kiongozi alipata pesa ambazo kwa kupiga gitaa hakuwahi kuziona.

Siku ya tatu, watu wamekaa kimya wanasubiri chakula, tukasikia kelele barabarani:

"Yuko wapi mtumwa wangu? Nimeambiwa kafiwa bila ruhusa yangu!"

Alikuwa mzee wa Kisarawe. Habari, ya msiba na ya safari iliyokwama, ilimfika kwa wachuuzi wa korosho. Mtani asipokwenda msibani ni aibu, na yeye alikuja kwa njia zote za utani: amevaa kanga ya mke wake, kajipaka majivu, gunia begani. Akaingia mpaka katikati ya mkeka, akavichukua viatu vya Kiongozi vilivyokuwa pembeni, akavivaa yeye, vya kwake akavitupa. Akanyang'anya bakuli la uji la mgonjwa mmoja aliyekaa mkekani, akanywa. Wafiwa wakaanza kucheka kwa shida, na Kiongozi naye mabega yakatikisika.

"Hivi ndivyo anavyofanya mtani," mzee akasema, akakaa mbele yake. "Umeona? Sikuomba hata kiatu."

"Nimeona."

Sauti ya mzee ikashuka. "Mimi nilimwoza binti yangu mbele yako. Nilikuchomolea tuzo ili uone hasira. Niliwacheleweshea wali makusudi, gari lisitoke. Nikahama nyumba yangu. Malipo yenu yote yalikuwa ndani ya koti langu, koti liko msumarini, mlangoni mwa chumba ulicholala wewe. Nikasema, huyu Mnyamwezi asubuhi atatoka amelivaa."

"Koti niliiona," Kiongozi akasema. Hata Kiswahili kilimpotea. "Usiku lilianguka."

"Ukafanyaje?"

"Nikaliokota. Nikalikung'uta vumbi, nikalitundika."

Mzee wa Kisarawe akaliinamia gunia lake kama anatafuta kitu, lakini nilikuwa karibu, nikaona hatafuti kitu. Analia. Alipoinuka alitoa fungu la noti limefungwa kwa kamba ya mgomba. "Nilizihifadhi. Nikasema atarudi kuniibia. Kila gari likipita nikasema huyo. Kwa nini hukurudi, mtani? Ningejua safari ni ya mama, ningezileta kwa magoti."

"Ningekuambia, isingekuwa utani."

Hazikuguswa zile noti. Zilikaa kati yao mpaka Mama akaja akazichukua, akazifunga pamoja na za watu. Akasema kwa upole, kama mtu anayemsemesha mtoto, "Sasa nauli ipo."

"Ya kwenda wapi?" Kiongozi akauliza.

Baadaye wazee wakamwambia ni lazima aende, ndugu zake wanamsubiri, kuna kaburi la kuombea, kuna matanga ya kumaliza. Akasema sawa.

Gitaa alilipeleka mwenyewe kwa mwenye vyombo, kwa kuwa lilikuwa lake. Mwenye vyombo akamwambia nafasi yako ipo, ukirudi. Siku ya safari mimi na Mama tulimsindikiza mpaka kituo cha basi la Dar, asubuhi, kabla ya zamu yangu. Mama alikuwa amemlazimisha avae shati jipya na suruali iliyopigwa pasi kwa mkaa, na mkoba alikuwa nao, umejaa. Kwa jinsi nilivyo, nikasema neno la kufurahisha, kwa kuwa kimya sikiwezi.

"Kaka, umependeza."

Akajitazama kifuani, akajitazama miguuni. "Umeniona vizuri?"

"Nimekuona."

"Na wewe mtumwa wangu umeniona?"

Mama hakumrudishia utani. "Nimekuona, baba," akasema. Alimwita baba, kama tunavyowaita watoto wetu wa kiume.

Basi likaja, akapanda, akapata kiti upande wa pili, hivyo hatukumwona tena mpaka lilipoondoka. Hakurudi. Mtu wa reli alituletea salamu mara moja, kwamba yuko kwa kaka zake, analima tumbaku. Kuhusu gitaa hatukusikia.

Niliwahi zamu. Wenzangu wa meza yetu walikuwa wameshakaa, vidole vyao vimepakwa majivu kuzuia mafuta ya ganda. Wote walikuwa wametoa chochote siku ile ya msiba, kwa hiyo walitaka kujua.

"Amepata gari?"

"Amepata."

"Na nauli ilitosha?"

"Ilitosha. Imebaki na ya ndugu zake."

"Alhamdulillahi," wakasema, wamefurahi kweli, na yule aliyekuwa jirani yangu akanisogezea majivu.